Sayanotaipu kwa mwanafunzi wa upigaji picha: kuchapa picha za bluu kwa jua la pwani

Sayanotaipu nyingi zinazoharibika huwa zimeshaharibika kabla hazijatolewa juani. Mwanafunzi anaiona picha imefifia, analaumu jua, anaongeza dakika tano, na picha inafifia tena. Kumbe karatasi ndiyo haikufaa, au dawa ilipakwa jana ikalala usiku kucha kwenye unyevu, au maji ya kusuuzia yametoka kisima chenye chokaa. Mwongozo huu ni wa anayeanza kujaribu njia hii akiwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja, ambako jua halina shida, shida ni unyevu na maji. Aliye Arusha au Nairobi atafuata hatua hizihizi, ila karatasi zake zitakauka haraka na zitakaa muda mrefu kidogo kabla ya kuharibika.

Njia yenyewe ni ya zamani. Mwanasayansi John Herschel aliitangaza Uingereza mwaka 1842, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Anna Atkins akaanza kutoa kurasa za kitabu cha mwani kwa njia hiyo, akiulaza mwani wenyewe juu ya karatasi bila kutumia kamera. Baadaye wahandisi na wasanifu majengo waliitumia kwa miongo mingi kunakili michoro, ile yenye mistari myeupe juu ya bluu.

Kinachofanyika ni hiki. Karatasi inapakwa dawa mbili zilizochanganywa, zote zina chuma. Miale ya urujuanimno (UV) ya jua inabadili chuma cha dawa ya kwanza, na chuma hicho kikikutana na dawa ya pili kinaunda bluu ya Prussia, ambayo haiyeyuki kwenye maji. Sehemu ambayo mwanga haukufika inabaki na dawa inayoyeyuka, na maji yanaiondoa. Hakuna dawa ya kukuza picha wala ya kuigandisha. Maji ndiyo yanayofanya yote mawili, na ndiyo maana maji mabaya huharibu kazi nzuri.

Dawa mbili na namna ya kuzipima

Dawa ya kwanza, tuiite A, ni feriki amoniamu sitreti ya kijani. Ipo pia ya kahawia. Nayo inafanya kazi, lakini ya kijani hushika mwanga haraka zaidi na vipimo vya mwongozo huu ni vyake. Dawa ya pili, B, ni potasiamu ferisayanidi. Hapa soma lebo herufi kwa herufi. Unayoitaka ni K3Fe(CN)6, chembe zake ni nyekundu zenye urangi wa chungwa. Ipo ndugu yake, potasiamu ferosayanidi, K4Fe(CN)6, ambayo ni ya njano, na maduka ya vifaa vya maabara za shule huwa nazo zote mbili. Ukichukua ya njano kwa bahati mbaya, mchanganyiko utageuka bluu papo hapo hata kama uko gizani, na hautafaa kwa lolote.

Pima gramu 25 za A, ziyeyushe kwenye maji kidogo, kisha ongeza maji mpaka ujazo ufike mililita 100. Fanya hivyohivyo kwa gramu 10 za B, nazo zifike mililita 100. Mizani ndogo ya dijitali inayosoma gramu 0.1 inatosha. Tumia maji yaliyokenekwa. Ukiyanunua dukani kwa fundi wa magari kama maji ya betri, hakikisha ni maji tu na si asidi ya betri, kwa sababu chupa zake mara nyingi hupangwa rafu moja. Ukiyakosa, maji ya kunywa ya chupa yanatosha kwa kuanzia.

Weka kila dawa kwenye chupa yake ya kahawia au iliyofungwa karatasi nyeusi, andika jina na tarehe. Zikiwa mbalimbali, B hukaa miezi mingi. A kwenye joto la pwani huota ukungu baada ya wiki chache. Ukungu huo hauui dawa: ichuje kwa karatasi ya kuchujia kahawa na uendelee. Chupa ya A ikikaa kwenye friji isiyo ya chakula ukungu unachelewa sana. Zikishachanganywa, mambo ni mengine: mchanganyiko uutumie ndani ya saa chache, usiuweke mpaka kesho. Changanya unachokihitaji tu.

Kuhusu usalama tuseme wazi, kwa sababu jina la B linatisha watu. Ferisayanidi yenyewe ina sumu ndogo, kwani sayanidi iliyomo imefungwa imara na chuma. Inachokataa ni asidi kali na moto mkali, ambavyo vinaweza kuifungua na kutoa gesi ya sumu. Kwa hiyo usiikutanishe kamwe na asidi ya betri wala asidi ya kusafishia vyoo, na usichome karatasi zilizopakwa. Siki na ndimu ya unga kwa vipimo vya hapa chini hazina nguvu ya kufanya hivyo. Vaa glavu, vaa barakoa unapopima unga, na kijiko, bakuli au beseni lililoshika dawa lisirudi jikoni.

Karatasi

Hapa ndipo pa kutumia pesa na subira. Karatasi nyingi za siku hizi zimewekwa chokaa, yaani kalisiamu kaboneti, ili zisigeuke njano zikizeeka. Kwa mchoraji ni jambo jema. Kwa bluu ya Prussia ni adui, maana rangi hii haistahimili kitu chochote chenye asili ya magadi. Chokaa ikiwa nyingi, picha inaonekana nzuri juani, kisha inapaukia kwenye beseni mbele ya macho yako.

Pima kabla hujanunua rimu nzima. Yeyusha kijiko cha chai cha ndimu ya unga kwenye robo glasi ya maji, dondosha tone moja kwenye kona ya karatasi, uitazame kwa karibu chini ya taa. Vikitokea viputo vidogo, kuna chokaa. Pima tena kwa njia ya pili: dondosha tone la mchanganyiko wa A na B kwenye kipande kingine, kiache kwenye droo yenye giza kwa saa moja. Tone likibaki la njano, karatasi inafaa. Likigeuka kijani kilichokoza au bluu bila kuona jua, ndani ya karatasi kuna kitu kinachoichokoza dawa, achana nayo.

Arches Platine na Hahnemühle Platinum Rag zimetengenezwa kwa kazi za namna hii na hazina chokaa, lakini bei yake si ya majaribio. Anza na karatasi nene ya rangi za maji, gramu 300 kwa mita ya mraba. Canson XL inawafaa wengi. Karatasi ya fotokopi usipoteze muda nayo, kwa kuwa ina chokaa na inararuka ikilowa.

Karatasi yenye chokaa inaweza kuokolewa. Yeyusha gramu 50 za ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji, izamishe karatasi mpaka viputo viishe, kwa kawaida dakika 10 hadi 20, isuuze kwenye maji safi mara mbili na uianike ikauke kabisa. Ni kazi, lakini inaigeuza karatasi ya bei nafuu kuwa karatasi ya kutegemewa.

Kupaka na kukausha

Chumba kisiwe giza totoro. Funga mapazia, zima taa za tyubu, washa balbu moja ya LED yenye mwanga wa njano. Dawa inapokuwa mbichi haishiki mwanga sana; ikikauka ndipo inakuwa kali.

Kwa karatasi ya A4 chukua mililita 2 za A na mililita 2 za B. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kila dawa iwe na bomba lake, maana tone la B likiingia kwenye chupa ya A litaiharibu chupa nzima polepole. Kwa kipimo hicho chupa zako mbili zitatoa karatasi kama 50. Changanya kwenye bakuli la kioo au plastiki.

Brashi iwe pana na laini, na isiwe na chuma. Pete ya chuma inayoshika nywele za brashi ikigusa dawa inatoa kutu, na kutu hiyo inaacha vidoadoa vya bluu ambavyo utavitafutia sababu wiki nzima. Kama brashi yako ina chuma, kifunike kwa gundi au rangi ya kucha. Sponji safi nayo inafanya kazi, ila inakunywa dawa nyingi. Lowesha brashi kwa maji safi, ikamue, ndipo uichovye.

Mimina dawa katikati, ipeleke kwa mapigo marefu mepesi ya mlalo, kisha ya wima, kisha mlalo tena. Acha kabla ya nusu dakika kupita baada ya karatasi kuenea dawa, kwa sababu ukiendelea kusugua uso wa karatasi unanyanyuka nyuzi na bluu itatoka na mabaka. Kusiwe na madimbwi. Karatasi iliyopakwa vizuri ina rangi ya njano yenye ukijani, kama ganda la ndimu linaloanza kuiva.

Ilaze mpaka ule mng'ao wa majimaji upotee, dakika 5 hadi 10, kisha itundike mbele ya feni ndani ya chumba kilekile. Mashine ya kukaushia nywele inafaa ikiwekwa kwenye hewa baridi, umbali wa sentimita 30. Hewa ya moto huifanya dawa ianze kugeuka yenyewe.

Hatua inayowashinda wengi pwani ni hii ya kukausha. Karatasi inaweza kuonekana kavu kumbe ina unyevu ndani. Iguse kwa mgongo wa kiganja upande wa nyuma: ukihisi ubaridi, bado. Karatasi yenye unyevu hushikana na negativu (picha iliyogeuzwa weusi na weupe, inayolazwa juu ya karatasi juani), hunyonya wino wake, na hutoa picha ya ukungu. Wakati wa masika panga kupaka asubuhi na kuchapa juani mchana uleule. Ukilazimika kuiweka, iweke kwenye mfuko mweusi ndani ya mkebe wenye vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu, na isilale zaidi ya siku moja. Karatasi iliyogeuka kutoka njano kuwa kijani cha kijivu ndani ya mfuko imeshakufa.

Negativu

Sayanotaipu haikuzi picha kwa mashine. Ukubwa wa negativu ndio ukubwa wa picha, kwa hiyo filamu ya kamera ya milimita 35 itakupa picha ya milimita 35. Wengi hutengeneza negativu ya kompyuta, na programu ya bure ya GIMP inatosha.

Fungua picha, iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Kabla ya kuigeuza, fungua chombo cha mikunjo (Curves) na unyanyue sehemu ya katikati: nukta ya 128 ipeleke mpaka karibu 165. Bila hivyo rangi za kati zinatoka nzito na uso wa mtu unazama kwenye bluu. Sasa geuza weusi uwe weupe, kisha geuza picha kushoto-kulia kama kwenye kioo, ili upande wenye wino ndio ulale moja kwa moja juu ya dawa. Wino ukikaa upande wa juu, unene wa plastiki unaachia mwanga upenye pembeni na picha inapoteza ukali wake.

Chapa kwenye karatasi ya plastiki angavu, zile zilizokuwa zikitumika kwenye projekta. Kwa printa ya wino wa maji nunua iliyotengenezwa kwa wino, yenye upande mmoja mkavukavu, na uiache ikauke saa nzima. Kwa printa ya leza nunua iliyotengenezwa kwa leza, maana ile nyingine inaweza kuyeyuka ndani ya mashine ya steshenari. Leza ina udhaifu wake: weusi wake haizibi miale vizuri, na picha inatoka bila nyeupe safi. Dawa yake ni kuchapa mbili na kuzipandanisha, ukizibana kwa utepe kwenye kingo baada ya kuzilinganisha juu ya kioo cha dirisha.

Asiye na plastiki achape kwenye karatasi ya kawaida, aipake mafuta ya alizeti upande wa nyuma, aache dakika 10, afute mpaka isibaki na mafuta ya kushika mkononi. Weka plastiki nyembamba safi kati yake na karatasi yenye dawa. Muda wa kuanika juani utaongezeka mara mbili au zaidi, na nyuzi za karatasi zitaonekana kwenye picha. Kwa mandhari na majengo ya kale nyuzi hizo zinapendeza. Kwa sura ya mtu zinasumbua.

Na usidharau kuchapa bila negativu. Jani la mpapai, manyoya ya kuku, kipande cha lesi, mwani wa Paje au Jambiani: vyote hivi vinafundisha kuusoma mwanga kuliko picha yoyote ya kompyuta, kwa sababu vina sehemu nene na nyembamba. Mwani usuuze kwanza kwa maji baridi kuondoa chumvi, ubane kati ya magazeti usiku mmoja, na uutumie ukiwa mkavu.

Kuanika juani

Panga hivi kutoka chini: ubao bapa, karatasi yenye dawa, negativu, kioo, kisha klipu imara pande zote. Kioo cha dirisha cha milimita 3 au 4 kinafaa. Kioo cha mbele cha gari hakifai, maana kina tabaka la plastiki linalozuia urujuanimno. Mgandamizo ndio ukali wa picha. Klipu mbili hazitoshi kwa A4, weka sita.

Fanya kazi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Dar es Salaam jua linafika juu kabisa karibu saa sita na nusu, na hata Juni, linapokuwa chini kuliko miezi yote, mchana bado lina kimo cha nyuzi 60 hivi. Mapema Machi na karibu tarehe 10 Oktoba linapita utosini. Ndiyo maana muda uliotajwa kwenye miongozo ya Ulaya usiuchukue kama ulivyo.

Ubao uelekeze kwenye jua, usiulaze tu chini. Kwa jua kali na negativu ya plastiki tarajia dakika 5 hadi 10. Kwa majani na vitu vingine, dakika 3 hadi 6. Wingu jepesi linaweza kuufanya muda huo uwe mara mbili, na wingu zito ni bora usubiri siku nyingine.

Itazame kingo ya karatasi iliyo nje ya negativu. Inaanza njano, inaingia kijani, inakuwa bluu yenye kijani, inakoza mpaka bluu nzito, kisha kuna wakati bluu inaanza kurudi nyuma na kuwa kijivu chenye mng'ao wa shaba. Wanafunzi wengi huitoa kwenye bluu nzito kwa sababu inavutia. Hiyo ni mapema mno, kwa kuwa maji yataondoa sehemu kubwa ya ulichokiona. Subiri kingo ziwe kijivu cha shaba na sehemu nyeusi za picha zianze kufuata njia hiyo. Picha sahihi inaonekana imeungua kabla ya kuoshwa.

Kabla ya picha yoyote ya maana, tafuta muda wako wa msingi. Pata kipande cha karatasi yenye dawa, chenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 15. Funika nusu ya upana wake, kwa urefu wote, kwa plastiki angavu isiyochapwa kitu. Weka kioo. Juu ya kioo weka kadibodi nyeusi inayoziba yote, na kila baada ya dakika 2 isogeze ifunue sehemu moja kati ya sita. Sehemu ya kwanza kufunuliwa itakuwa imepata dakika 12, ya mwisho dakika 2. Osha, kausha kabisa, acha mpaka kesho. Sasa tafuta muda mfupi kuliko yote ambapo nusu yenye plastiki na nusu isiyo na plastiki zina bluu moja, usiweze kuuona mpaka. Huo ndio muda wako.

Ukishaupata, usiuguse. Muda huo ni wa karatasi yako, plastiki yako na dawa yako. Si wa picha fulani. Picha ikitoka nzito au nyepesi, rekebisha negativu kwenye kompyuta. Anayebadili muda, karatasi na negativu kwa pamoja anaweza kuchapa muhula mzima asijue kilichomsaidia. Nyuma ya kila karatasi andika kwa penseli: aina ya karatasi, tarehe ya dawa, saa ya kuanika, dakika, na mkunjo uliotumia.

Kuosha

Rudi ndani, fungua klipu kwenye kivuli, usichungulie mara tatu njiani. Andaa beseni la plastiki lenye lita moja ya maji na kijiko kimoja cha chai cha ndimu ya unga, au mililita 50 za siki nyeupe. Zamisha karatasi yote kwa mara moja, uso chini, kisha igeuze na utikise beseni taratibu kwa dakika moja au mbili. Utaiona njano ikitoka kama moshi ndani ya maji, na zile sehemu zilizokuwa kijivu zinarudi kuwa bluu, nzito kuliko zote. Uchachu huo mdogo unalinda rangi laini za kati, ambazo maji matupu ya bomba hupenda kuzifuta.

Kisha hamia kwenye maji safi, badilisha mara tatu au nne kwa jumla ya dakika 10. Umemaliza pale sehemu nyeupe zisipokuwa na njano hata kidogo ukiinua karatasi kwenye mwanga. Njano ikibaki, sehemu hizo zitageuka bluu polepole zikikaa mwangani. Lakini kuosha nusu saa nako ni kosa, hasa Unguja na maeneo mengine ya mawe ya matumbawe ambako maji ya kisima hubeba chokaa. Maji yenu yakiwa ya namna hiyo, tia chembe za ndimu ya unga kwenye kila badilisho, au tumia maji ya mvua.

Bluu ya mwisho huja yenyewe ndani ya saa 24, hewa inapomalizia kazi. Asiyetaka kungoja atie mililita 10 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile ya famasi, kwenye lita moja ya maji na azamishe picha nusu dakika. Bluu inakoza mara moja. Haiongezi chochote ambacho kesho isingekileta, ila inakusaidia kuhukumu kipande cha majaribio bila kukisia.

Picha ikienda kombo

Picha ikipotea karibu yote kwenye maji, muda ulikuwa mfupi au karatasi ina chokaa. Kuvitofautisha ni rahisi: angalia kingo zilizokuwa nje ya negativu. Hizo zimepata jua lote. Kama nazo zimepauka, ni karatasi au maji. Kama ni nzito na picha tu ndiyo imefifia, ongeza muda.

Nyeupe zikiwa na rangi ya samawati, kuna mambo manne ya kukagua kwa mpangilio huu: karatasi ilikaa muda mrefu baada ya kupakwa, haikukauka vizuri, mchanganyiko ulikuwa wa jana, au negativu haizibi mwanga. Jaribio moja linatenga la mwisho. Weka sarafu juu ya karatasi wakati wa kuanika. Chini ya sarafu pakiwa peupe safi, negativu ndiyo yenye kosa.

Picha yenye ukungu sehemu moja tu ni mgandamizo hafifu mahali hapo. Weka tabaka la gazeti au kitambaa cha sufi nyuma ya karatasi ili isukumwe juu. Mistari ya brashi inatokana na dawa kidogo mno au brashi kavu. Bluu inayoteleza na kutoka kama unga wakati wa kuosha inamaanisha dawa ilikaa juu ya karatasi badala ya kuingia ndani. Ongeza muda wa kulaza kabla ya feni, au tafuta karatasi isiyo na gundi nyingi juu.

Magadi na chai

Anayetaka rangi nyingine asihangaike kuagiza kemikali. Magadi yaleyale ya kulainishia maharage yanafuta bluu, na tanini ya majani ya chai inarudisha picha ikiwa na rangi ya kahawia nyeusi. Tumia picha iliyokauka angalau siku moja, na iwe nzito kidogo kuliko kawaida maana kazi hii inapunguza.

Yeyusha kijiko kimoja cha chai cha magadi kwenye lita moja ya maji, uchuje mchanga. Zamisha picha. Bluu itageuka zambarau, kisha itapauka mpaka njano hafifu, na huchukua kati ya sekunde 10 na dakika moja. Ukiitoa ikiwa bado na zambarau utapata rangi mbili, kahawia kwenye mwanga na bluu nyeusi kwenye vivuli, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo nzuri zaidi. Suuza dakika 5, kisha izamishe kwenye chai kavu iliyochemshwa na kupozwa, pakiti 10 kwa lita moja, bila maziwa wala sukari. Iangalie kila dakika 10. Nusu saa hutosha. Chai hupaka pia sehemu nyeupe, hivyo usiiache usiku kucha ukitumaini itakuwa nyeusi zaidi. Suuza mpaka maji yawe safi.

Marikani

Kitambaa cha marikani kinashika dawa vizuri kuliko karatasi nyingi, mradi wanga wa kiwandani utoke kwanza. Kifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni ya mche, ukisuuze mpaka maji yasiteleze, ukianike. Kipande cha sentimita 30 kwa 30 kinahitaji kama mililita 10 za A na 10 za B. Kichovye, ukikamue kwa glavu, ukilaze juu ya plastiki gizani mpaka kikauke. Kukitundika kunateremsha dawa chini na upande mmoja unatoka mzito. Muda wa kuanika uongeze kwa theluthi, na uoshe mpaka maji yawe meupe. Baada ya hapo kitambaa hicho kisifuliwe kwa sabuni ya unga, ambayo ina magadi ndani yake, wala dawa ya kung'arishia nguo. Maji baridi na shampuu kidogo yanatosha.

Kutunza

Bluu ya Prussia hupauka ikikaa kwenye mwanga mkali, ila ina sifa ambayo rangi nyingi hazina: ukiipeleka gizani penye hewa, rangi inarudi kwa siku kadhaa. Picha ya maonyesho iliyopauka ukutani iweke kwenye droo wiki moja kabla hujaamua kuichapa upya. Na unapoitengenezea fremu au albamu, mwuzaji akikuambia kadibodi yake haina asidi, muulize kama imewekwa chokaa. Kadibodi za kuhifadhia picha za kawaida nyingi zimewekwa, na zikigusana na sayanotaipu kwa miaka zitaila. Ukikosa jibu, rudia lile tone la ndimu ya unga kwenye kona ya kadibodi.